Nyama ya kuchinjwa, ya seli, ya mimea au ya kuvu: uchague ipi?

Mtu akikuambia anataka kupunguza nyama, muulize kwanza anakimbia nini. Yupo anayemhurumia mnyama. Yupo aliyeonywa na daktari kuhusu mafuta. Yupo anayewaza hali ya hewa ya dunia. Na yupo asiyekimbia chochote, amesikia tu kwamba siku hizi nyama inakuzwa ndani ya tangi na anataka kujua kama hicho ni chakula au mchezo wa maabara. Ukiwapa wote wanne jibu moja, watatu utakuwa umewadanganya.

Nyama ya seli, hiyo inayokuzwa tangini, ndiyo iliyonifanya niandike, lakini nikiizungumzia peke yake itaonekana muujiza au kituko. Nimeiweka karibu na wenzake watatu ambao mlaji anaweza kuwachagua badala yake: nyama ya mnyama aliyechinjwa, nyama ya kuigiza inayotokana na mimea, na ile inayotokana na kuvu. Nitaziangalia kwa mambo sita: zinavyopatikana, zinavyokuwa mdomoni, zinavyofanya mwilini, uhusiano wake na mnyama na ibada, mzigo wake kwa ardhi na hewa, na kama kweli unaweza kuzipata.

Zinavyopatikana

Nyama ya kuchinjwa haihitaji utangulizi, ila kuna jambo moja ambalo walaji wengi hawalijui. Msuli haugeuki nyama pale pale mnyama anapokata roho. Damu ikisimama, sukari iliyohifadhiwa msulini hugeuka asidi, pH, yaani kipimo cha asidi, hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.6, msuli hukakamaa, kisha vimeng'enya huanza kuulegeza polepole. Ulaini, na sehemu ya ladha pia, hupatikana katika saa na siku hizo baada ya kifo. Liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Nyama ya seli huanza na kipande kidogo cha msuli, kidogo hata kuliko punje ya mahindi, ambacho mnyama anaweza kukatwa akiwa hai na akaendelea na maisha yake. Pembeni ya nyuzi za msuli huishi seli za akiba ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Mwilini hukaa kimya hadi msuli ujeruhiwe, ndipo huamka, hugawanyika na kuziba pengo. Maabara huzitega kwa hila hiyo hiyo: huziweka kwenye kimiminika chenye sukari, asidi za amino, chumvi, vitamini na vichocheo vya ukuaji, katika joto la nyuzi 37 kama la mwili wa ng'ombe au karibu na hapo. Seli hujiona ziko kwenye jeraha lisilofungika, zikaendelea kugawanyika.

Hesabu yake inashangaza. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na baada ya kugawanyika mara 30 seli moja imezaa zaidi ya bilioni moja. Kila mgawanyiko huchukua takriban siku nzima. Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu bakteria mmoja aliyepenya tangini anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 au 30. Mpaka seli ya ng'ombe ijigawe mara moja, bakteria yule amekwishajaza tangi. Kilichobaki ni kumwaga kila kitu na kuosha upya. Ng'ombe ana kinga ya mwili, tangi halina, na gharama mojawapo kubwa ya nyama hii ni kununua kwa umeme, mvuke na vichujio ule usafi ambao ng'ombe anaupata bure kutoka kwenye damu yake.

Kimiminika nacho kina historia ya aibu kidogo. Kwa miaka mingi kichocheo kikuu kilikuwa seramu ya damu ya kijusi cha ng'ombe, inayokusanywa pale ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Ukiitumia, ile hoja ya kumwokoa mnyama inabaki maneno matupu. Kampuni kadhaa zimeiacha na kutumia protini zinazotengenezwa na vijidudu, lakini mlaji anayejali ana haki ya kuuliza bidhaa iliyo mbele yake ilikuzwa kwa kitu gani.

Seli zikitosha, hupunguziwa vichocheo. Zikikosa sababu ya kugawanyika, huungana na kuwa nyuzi, hasa zikipata kiunzi cha kushikia, kwa maana msuli usiovutwa hauwi msuli. Tatizo ni unene. Mwilini kila seli iko jirani na mshipa mdogo wa damu, lakini tangini hakuna mishipa, na oksijeni haipenyi zaidi ya sehemu ya kumi au mbili za milimita. Seli za katikati hukosa hewa na kufa. Ndiyo maana bidhaa nyingi za mwanzo zilikuwa za kusaga, za kubanwa au za tabaka jembamba. Kipande kinene chenye mishipa ya mafuta ndani yake bado ni mtihani, na atakayekuahidi mbavu zenye mifupa anakuuzia hadithi.

Nyama ya mimea njia yake ni fupi. Protini ya soya au njegere hutengwa na wanga wake, ikalowanishwa, ikasukumwa kwenye mtambo wenye joto na msukumo mkubwa, halafu ikapozwa ikiwa inapita mahali pembamba. Inapopoa, protini hujipanga kwa nyuzi. Huongezwa mafuta ya nazi au ya mbegu, chumvi, rangi, na kiunganishi kinachotokana na selulosi. Impossible Foods, iliyoanzishwa na Patrick Brown mwaka 2011, waliongeza jambo: mizizi ya soya ina protini yenye chuma inayofanana na ile inayoipa nyama wekundu, wakahamishia kinasaba chake kwenye hamira ili iizalishe kwa wingi. Asiyetaka vyakula vya vinasaba vilivyobadilishwa alijue hilo mapema.

Ya kuvu inatokana na Fusarium venenatum, kuvu ya udongoni iliyopatikana Uingereza miaka ya 1960 na kuanza kuuzwa kwa jina la Quorn mwaka 1985. Hulishwa sukari tangini, hupashwa joto ili kupunguza asidi nukleiki zinazoweza kuongeza asidi ya yuriki mwilini, huchanganywa na ute wa yai au protini ya viazi, kisha hugandishwa. Jicho la fundi liko kwenye barafu: chembe zake zinapokua huzisukuma nyuzi za kuvu na kuzikusanya mafungumafungu, na mafungu hayo ndiyo meno yako yanayoyachukulia kuwa nyama ya kuku.

Mdomoni

Tarehe 5 Agosti 2013, mjini London, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha baga ya kwanza ya nyama ya ng'ombe iliyokuzwa kwa seli. Ilikuwa na takriban nyuzi 20,000 zilizokuzwa mmoja mmoja, na ilikuwa imegharimu kiasi cha euro 250,000 zilizotolewa na Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Kabla ya kuingia kikaangoni ilitiwa chenga za mkate, unga wa yai, juisi ya bitiruti na zafarani. Viungo viwili vya mwisho vilikuwa vya rangi, kwa kuwa seli zinazoogelea kwenye oksijeni tele hutengeneza kidogo mno ile protini nyekundu ya msuli, na nyama ilitoka imepauka. Hanni Rützler alionja akasema inakaribia nyama ila majimaji yake ni machache. Mwonjaji mwenzake, Josh Schonwald, alikosa mafuta. Na kweli hayakuwamo: zilikuwa seli za msuli peke yake.

Tangu siku hiyo wakuzaji wamejifunza kuchanganya seli za msuli na za mafuta, na kwa maoni yangu mafuta ndiyo hoja ya kweli ya nyama hii. Harufu inayokwambia kikaangoni kuna ng'ombe wala si kuku hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mafuta, na mmea hauna mafuta ya ng'ombe. Ila hapa ndipo ile habari ya asidi na vimeng'enya inaporudi. Seli za tangini hazikupitia mkakamao na kulegea kama msuli wa mnyama aliyechinjwa, kwa hiyo usitarajie zikupe kila kitu anachokupa muuza nyama.

Ya mimea ipime kwa macho kabla ya ulimi. Nyama ya kusaga ikiwekwa kikaangoni hulegea mafuta yanapoyeyuka, kisha wekundu hugeuka kahawia. Ya mimea yenye rangi ya bitiruti hubaki na uwekundu muda mrefu, nawe ukisubiri ugeuke utaiunguza. Kile kiunganishi cha selulosi nacho kina tabia ya kinyume: hushika kikiwa moto na hulegea kikipoa. Ile ile uliyoisifia ikiwa moto, ukiila imepoa inaweza kukuachia utelezi mdomoni. Kwenye mchuzi mzito wenye viungo, hata hivyo, wengi hawataitambua haraka.

Ya kuvu haidai kuwa ng'ombe. Ladha yake ni ya upole, nyuzi zake zinatafunika vizuri, na hunyonya mchuzi. Kuichoma mkavu ni kuionea.

Kwa supu ya mifupa, maini, utumbo, ngozi au kichwa, mshindani hayupo. Ni mnyama mzima tu.

Mwilini

Nyama ya kuchinjwa ina protini kamili, vitamini B12, zinki na chuma ambacho mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha mimea. Upande wa pili, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka nyama zilizosindikwa, mathalani soseji, mwaka 2015 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Vijidudu vya tumboni mwa mnyama, kama Salmonella, navyo vinaweza kugusa nyama wakati wa kuchinja na kupasua.

Nyama ya seli haina utumbo wa kuichafua, na hiyo ni faida ya wazi. Lishe yake inategemea mkuzaji. Seli haijitengenezei B12. Hata ng'ombe huipata kwa bakteria wa tumboni, hivyo isipowekwa kwenye kimiminika haitakuwamo. Kiasi cha chuma nacho kinaweza kuwa pungufu kwa sababu ile ile iliyoifanya baga ya London ipauke.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: seli zinazogawanyika bila kikomo si saratani hiyo? Ni kweli baadhi ya bidhaa hutumia seli zilizopoteza kikomo cha kawaida cha kugawanyika. Lakini seli ikitolewa tangini hufa, ikipikwa hufa tena, na tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Haiwezi kuhamia kwako ikaota. Mwaka 2023 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO walichapisha tathmini ya wataalamu iliyoorodhesha hatari 53 zinazowezekana katika vyakula vya seli, na nyingi zake ni zile zile zinazojulikana kwenye vyakula vingine: vijidudu, vizio, mabaki ya kemikali. Linalobaki ni kwamba hakuna kizazi kilichokula nyama hii kwa miaka 40, na tahadhari ya aina hiyo siicheki.

Wenye mzio wasikilize: seli ya samaki ni samaki. Kama samaki hukuvimbisha, wa tangini atakuvimbisha vile vile.

Ya mimea haina lehemu (kolesteroli) na mara nyingi ina nyuzinyuzi, lakini soma chumvi kwenye pakiti, maana kwa kawaida huzidi ya nyama mbichi isiyotiwa kitu. Mafuta ya nazi pia ni mafuta mazito, kwa hiyo aliyeambiwa na daktari apunguze asidhani amepona kwa kubadilisha baga. Ya kuvu ina takriban gramu 11 za protini na gramu 6 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, mafuta yake ni machache, ila watu wachache huikataa kwa mzio. Kwa moyo na mishipa ningeiweka mbele, ingawa ndiyo isiyo na mbwembwe.

Mnyama, kisu na ibada

Hapa watu huchanganya mambo mawili: kutoua na kutokula mnyama. Nyama ya seli inajibu la kwanza, tena ikiwa tu haikutumia seramu. La pili hailijibu hata kidogo. Ni nyama, imetokana na mnyama, na mtu ambaye imani au nadhiri yake inamkataza mwili wa mnyama hajapata mlango wa kutokea. Mimea inajibu yote mawili. Kuvu pia, ukikwepa aina zenye ute wa yai.

Kwa Waislamu, kamati ya fatwa ya Singapore ilitamka mwaka 2024 kwamba nyama ya seli yaweza kuliwa endapo seli zinatoka kwa mnyama anayeruhusiwa na hakuna kiungo cha haramu ndani yake. Seli hubeba nasaba yake, hivyo nguruwe wa tangini ni nguruwe. Damu ya seramu na namna seli zilivyopatikana ni maswali ambayo wanazuoni wanaendelea kuyajadili, kwa hiyo muulize unayemfuata. Kwa Wayahudi, rabi mkuu wa Israel wakati huo, David Lau, aliikubali mwaka 2023 nyama ya kampuni moja, Aleph Farms. Kibali hicho ni cha bidhaa hiyo, si cha kila tangi duniani.

Ardhi na hewa

FAO ilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na binadamu, na mchango mkubwa ni wa ng'ombe kwa methani anayoicheua. Kuku yuko mbali sana chini yake, jambo linalosahaulika kila watu wanaposema nyama kana kwamba ni kitu kimoja.

Nyama ya seli inahitaji ardhi kidogo, lakini umeme inaula. Watafiti wa Oxford walieleza mwaka 2019 kwa nini kulinganisha si rahisi: methani ya ng'ombe huondoka hewani baada ya takriban miaka 12, ilhali kabonidioksaidi ya mitambo hubaki kwa karne. Tangi likiendeshwa kwa makaa ya mawe, baada ya muda mrefu linaweza kumzidi ng'ombe. Likiendeshwa kwa jua au maji, mizani hugeuka. Rasimu ya utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ya mwaka 2023 iliongeza kwamba viambato vikisafishwa kwa kiwango cha dawa za hospitali, hewa chafu inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya ng'ombe. Anayeiuza nyama hii kwa hoja ya mazingira aulizwe kwanza umeme wake unatoka wapi.

Mimea na kuvu hazina mzozo mkubwa hapa. Zote mbili ni nyepesi kuliko ng'ombe kwa ardhi na kwa hewa.

Upatikanaji

Singapore ilikuwa ya kwanza kuruhusu uuzaji, Desemba 2020, kwa kuku wa kampuni ya Eat Just. Marekani ilifuata Juni 2023, Israel ikaruhusu nyama ya ng'ombe ya seli Januari 2024. Upande wa pili, Italia iliipiga marufuku mwaka 2023, na majimbo ya Florida na Alabama yakafanya hivyo mwaka 2024. Mahali pengi duniani huwezi kuinunua hata ukiwa na hela mkononi, na inapopatikana huwa kwa uchache. Nyingine tatu zinategemea tu soko ulilo karibu nalo, na ya kuchinjwa iko karibu kila pahali.

Uelekee wapi

Kama kinachokuuma ni kifo cha mnyama lakini ulimi wako haujakubali kuachana na nyama, nyama ya seli imetengenezwa kwa ajili yako. Inapokosekana, anza na ya mimea kwenye vyakula vyenye mchuzi, usianzie kwenye baga kavu.

Kama unafuata dini au nadhiri inayokataza kula mnyama, ruka ya seli kabisa. Kama imani yako inauliza ni mnyama gani na alipatikanaje, usikimbilie kukataa wala kukubali. Tafuta kibali cha bidhaa yenyewe.

Aliyeonywa kuhusu moyo aijaribu ya kuvu, au dengu na maharage ya kawaida, ambayo hayana kampuni ya kuyapigia debe. Nyama ya seli si dawa kwake, maana mafuta ya ng'ombe ni mafuta ya ng'ombe popote yalipokua.

Mwenye upungufu wa damu, mjamzito, au mwenye mtoto mdogo asiyekula vizuri asiitupe ya kuchinjwa kwa sababu ya mkumbo. Akiiacha, ahakikishe B12 na chuma vinatoka kwingine, na azungumze na mhudumu wa afya kwanza.

Anayewaza hali ya hewa na hataki kungoja teknolojia, kuhama kutoka ng'ombe kwenda kuku au mimea ni hatua anayoweza kuichukua kwenye mlo unaofuata.

Na wewe unayetaka tu kuonja, ukibahatika kuikuta, geuza pakiti usome asilimia. Mwaka 2024 bidhaa moja ya kuku wa seli iliyowekwa dukani Singapore ilikuwa na asilimia 3 tu ya seli za kuku. Iliyobaki ilikuwa mimea.